Hela za Binti wa Povu

Benchi letu nililichomelea mwenyewe, kwa mabomba yaliyobaki kwenye geti la mteja aliyehama bila kuaga, ndiyo maana hapa kijiweni sipendi kukatizwa ninapoongea. Limeegemea ukuta wa karakana yangu, kati ya duka la kinyozi na la dobi, na Mama Birika ameweka jiko lake la kahawa upande ambao cheche zangu hazifiki. Wananiita Cheche, wengine wanasema ni kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya hasira, na wote nimeshawahi kugombana nao. Asubuhi hiyo tulikuwa mimi, kinyozi tunayemwita Wembe kwa sababu ya ulimi wake, na Mzee Kifungu, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka mingi mpaka akaamini yeye ndiye aliyekuwa akihukumu. Mara akatokea Povu, dobi wetu, anatoka benki, uso umekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Povu: Jamani, hebu niambieni. Hela nimezitoa mfukoni mwangu. Foleni nimepanga kwa miguu yangu. Leo kijana wa benki, ndevu hana, ananiambia, "Mzee, hizi si zako."

Wembe: Za nani sasa? Zake?

Povu: Za mtoto. Ni akaunti ya mtoto, mimi eti ni msimamizi.

Wembe: Na msimamizi analipwa?

Povu: Halipwi.

Wembe: Basi umedhulumiwa mara mbili.

Nikamwambia Povu akae, anywe kahawa, aeleze jambo kuanzia mwanzo, maana sipendi habari zinazoanzia katikati. Akaeleza. Mashine yake kubwa ya kufulia imeungua mota. Ndani ya duka kuna lundo la mashuka ya nyumba ya wageni, na mwenye nyumba hiyo amesema yasipokuwa tayari Ijumaa, kazi anampa dobi wa mtaa wa pili. Fundi wa mota anataka hela mkononi. Hela pekee Povu anazozijua ni zile za binti yake, alizoanza kuweka tangu mtoto hajaota meno. Kijana wa benki amemwambia arudi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na aeleze hizo hela zitamfaa vipi mtoto. Cheti kiko kwenye sanduku la mkewe. Ufunguo wa sanduku uko shingoni mwa mkewe. Na mkewe alishasema hela za mtoto zisiguswe hata nyumba ikishika moto.

Povu: Sasa nataka kujua moja tu. Ni zangu au si zangu? Kama ni zangu, naenda nyumbani sasa hivi kudai cheti kama mwanamume.

Mama Birika: Na kama si zako?

Povu: Nitadai kwa adabu.

Wembe: Ni zako. Kuku ni wako, mayai ya nani? Mtoto wako, hela zake zako. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Maana yake mwenye mwana asihangaike na mikopo.

Mimi: Wahenga hawakusema hivyo.

Wembe: Walimaanisha.

Mzee Kifungu akakohoa. Akikohoa hivyo tunajua mahakama imeanza.

Kifungu: Ukimnunulia mkeo gauni, unalivaa?

Povu: Silivai.

Kifungu: Hela umetoa wewe, lakini gauni ni la mkeo. Zawadi ikishatoka mkononi imetoka. Jina kwenye akaunti ni la mtoto, basi hela ni za mtoto. Wewe umeshika tu.

Povu: Nikishika si ni zangu?

Hapo nikashindwa kuvumilia.

Mimi: Povu, hilo shati ulilovaa ni la nani?

Povu: La mwalimu.

Mimi: Mwalimu amekupa?

Povu: Ameleta lifuliwe.

Mimi: Uko nalo mwilini. Ni lako?

Povu: Naangalia kama limekauka.

Mama Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa. Povu akasema mambo ya mashati tusiyachanganye na mambo ya benki. Nikamwambia ni jambo lilelile: kitu cha mtu ukikishika unakilinda, hukivai. Mimi sheria sikusomea darasani. Nimejisomea magazeti yanayofungiwa misumari, kurasa nyingi zimekatika katikati, lakini hilo halihitaji ukurasa mzima.

Wembe: Samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana inabidi utoe sasa, kabla mtoto hajapata akili.

Mimi: Hiyo methali ni ya kulea.

Wembe: Na mimi nazungumzia malezi. Unamlea asipende pesa.

Kifungu: Subirini. Neno la msingi ni kumfaa mtoto. Kijana wa benki amesema mwenyewe kwamba hela zinatoka kwa jambo la kumfaa mtoto. Sasa mashine inafua. Ikifua, Povu anapata. Povu akipata, mtoto anakula. Kwa hiyo mota ni chakula cha mtoto.

Povu: Mnaona? Mzee amekaa mahakamani.

Mimi: Alikaa mlangoni.

Wembe: Kwa hesabu hiyo hata bia ni ya kumfaa mtoto. Baba akinywa anafurahi, akifurahi hagombani na mama, mtoto analala vizuri.

Kifungu: Bia sijaipitisha.

Wembe: Basi sikieni langu. Mota inunuliwe kwa hela za mtoto, kwa jina la mtoto. Mashine itakuwa na mota ya mtoto. Mashine bila mota ni bati, kwa hiyo mashine nzima ni ya mtoto. Duka bila mashine ni kibanda, kwa hiyo duka ni la mtoto. Povu atakuwa mwajiriwa wa binti yake. Atadai mshahara, atadai likizo, na akiumwa, mtoto amtibu.

Povu: Likizo sijawahi kupata.

Wembe: Unaona utakavyofaidi? Tena mwenye hela ndiye mkuu wa nyumba. Wewe huna hela, mkeo hana hela, mtoto anazo. Huyo ndiye wa kulipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba akija tena, unamwambia, "Mkuu wa nyumba yuko shule."

Kifungu: Hatari iko upande mwingine. Ukizitoa vibaya, mtoto anaweza kukushtaki.

Povu: Mwanangu anishtaki mimi?

Kifungu: Sheria haina baba. Tatizo mtoto hana hela ya wakili, maana zimeliwa. Mzazi ndiye anayepaswa kumgharamia. Kwa hiyo wewe Povu utamlipa wakili wa kumshtaki Povu.

Wembe: Na akishinda, Povu atafurahi, kwa sababu wakili aliyemlipa amefanya kazi nzuri.

Povu alishika kichwa. Nilimwonea huruma, kwa sababu chini ya kelele zote hizo mashuka yalikuwa palepale, na Ijumaa ilikuwa inakuja na wala haituulizi tumefikia wapi. Nikamwambia wazi: usitafute kifungu cha kukupa ruhusa. Mwambie mkeo umekwama. Akasema sijui ndoa yake. Nikamwambia najua hela si zake. Akasema roho yangu ni ya chuma. Nikasimama, naye akasimama, Mama Birika akatuambia anayetaka kupigana alipe kahawa kwanza. Tukakaa.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja na toroli lililovunjika mguu. Nikamwambia asubiri kidogo, moto wa kunyooshea chuma ushike, akakaa mwisho wa benchi na kusikiliza. Wembe alikuwa anaeleza kwamba bibi wa mtoto naye aliwahi kuweka hela kwenye akaunti hiyo, na sasa ni marehemu, kwa hiyo labda robo ya mota ni mirathi.

Mwenye toroli: Samahanini. Huyo mtoto ana miaka mingapi?

Povu: Bado mdogo.

Mwenye toroli: Mdogo wa kiasi gani? Nauliza tu.

Povu: Mdogo, mdogo. Amemaliza sekondari juzi.

Sisi sote vichwani tulikuwa na kitoto cha kubebwa mgongoni.

Kifungu: Povu. Binti yako ametimiza kumi na nane?

Povu: Kumi na saba. (Akafikiri.) Au ndiyo hiyo nyingine.

Wembe: Alizaliwa mwaka gani?

Povu: Mwaka ule upepo ulipoezua paa la duka langu.

Mimi: Paa lako limeezuliwa mara mbili.

Povu: Ule wa kwanza.

Wembe: Wa kwanza mimi nilikuwa sijafungua saluni.

Mama Birika: Ulikuwa umefungua. Nilikuwa nakudai tayari.

Kifungu: Sikilizeni. Kama ametimiza, usimamizi umeisha. Hata uende na vyeti gunia zima, pale benki wewe ni mpita njia.

Tulibishana juu ya lile paa mpaka moto ukashika na kupoa. Watu wanne tuliojua sheria ya benki, mirathi na likizo, hakuna aliyejua umri wa binti mmoja. Mwishowe Povu akatoa simu. Simu yake ni ya zamani, spika yake inasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Povu: Mama watoto. Habari za huko? Hivi yule binti wetu ametimiza mingapi?

Tulisikia sufuria ikitua chini taratibu.

Mkewe: Uko benki?

Povu: Niko kazini.

Mkewe: Ametimiza kumi na nane mwezi uliopita. Tulikwambia, ukasema hongera, ukalala. Kitambulisho amechukua, na fomu ya kuhamishia akaunti kwenye jina lake peke yake ameipeleka jana.

Povu: Mbona kijana wa benki hakuniambia?

Mkewe: Kwa hiyo ulikuwa benki. Ngoja umsikie mwenye hela, huyu hapa.

Povu akasimama. Sijawahi kumwona mtu akisimama kuongea na mwanawe kwenye simu.

Binti: Shikamoo baba.

Povu: Marahaba, mama.

Binti: Kuna shida gani?

Akatutazama. Wembe alikuwa anakagua kucha zake. Mzee Kifungu alikuwa ametoa miwani anaifuta. Mimi nilishika mguu wa toroli kana kwamba ndiyo kwanza nauona.

Povu: Mota ya mashine imeungua. Mashuka ya watu yanasubiri. Nilitaka nichukue kidogo kwenye zile hela zangu… zile hela zako.

Binti: Utazirudisha lini?

Povu akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia.

Povu: Anauliza nitazirudisha lini.

Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe cha Mzee Kifungu, likatoa tone moja na mvuke.

Povu akaondoa kiganja.

Povu: Sijui, mama. Nikisema mwisho wa mwezi nitakuwa nakudanganya.

Hilo lilikuwa neno la kwanza lililonyooka tangu alipotoka benki, na nilijizuia kumpongeza.

Binti: Basi nakuja hapo dukani. Nione kwanza hiyo mashine, na nione unavyofanya kazi, halafu tuongee.

Povu: Karibu, mama. Karibu sana.

Akakata simu, akabaki kasimama akilitazama duka lake: maji machafu mlangoni, mashuka ya watu sakafuni, waya unaning'inia.

Povu: Wembe, niazime ufagio.