Mzee Mgongo Anabeba Kiti Chake

Tarehe thelathini Novemba, baada ya misimu thelathini na mmoja katika timu yetu ya mashindano ya magari, Fundi Mkuu wa Viti atavua aproni yake na kuitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa na mgeni rasmi. Sisi humu karakanani tunamwita Mzee Mgongo, naye huitika bila kinyongo. Mhariri wa jarida hili aliniomba ukurasa mmoja tu. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayeshona maovaroli ya madereva, kupunguza nimezoea, lakini kuna vitambaa ukivipunguza havimtoshi mwenyewe.

Kwanza niwaeleze wageni kazi yake. Wanaofuatilia mashindano kwenye televisheni humjua dereva, rangi ya gari na nani kamaliza wa ngapi. Wachache wanajua kwamba dereva hakalii kiti cha dukani. Kila mmoja hutengenezewa chake, kwa umbo la mgongo wake mwenyewe. Anaingia kwenye bodi tupu ya gari akiwa na ovaroli lake, chini na nyuma yake unatandazwa mfuko, halafu Mzee Mgongo anamimina humo maji ya dawa ya aina mbili aliyoyachanganya. Yanageuka povu, yanaumuka, yanapata moto. Kuanzia hapo ni kutulia tuli, mikono usukanini, mpaka povu lishike na kuwa gumu. Ukijikuna, umekiharibu. Ukicheka, ndiyo basi. Dereva mmoja wa zamani alichekeshwa na makanika katikati ya kazi, akapata kiti kilichoegemea kulia, na msimu mzima akawa anashuka garini ameshika kiuno. Makanika yule tulimwita Kiuno mpaka anaacha kazi.

Mzee hakuja kwetu kwa ajili ya magari. Alikuwa fundi makochi, aliyeitwa kushona upya kochi la ofisi ya meneja wa wakati ule. Akiwa amepiga magoti na misumari mdomoni, akaombwa akitazame mara moja tu kiti cha dereva aliyekuwa analalamika mgongo. Mara moja hiyo ndiyo hii inayokwisha mwezi huu. Kochi lenyewe halikumalizwa mpaka leo. Mkono mmoja bado umefunguka na sponji liko nje. Tunamwomba mrithi wake aanze na hilo.

Baada ya muda akawa anawatambua watu kwa migongo kuliko kwa nyuso. Siku moja tulikwenda harusini, akamwona kwa nyuma dereva aliyeachana nasi zamani, akamshika bega na kumwita kwa jina lake, furaha tele. Yule alipogeuka, mzee akamtazama usoni, akamuuliza yeye ni nani.

Lakini linalomfanya akumbukwe hapa si mikono yake peke yake. Ni sheria aliyoiweka, na sheria hiyo ilitokana na aibu.

Ilikuwa katika misimu yake ya mwanzo. Meneja alikuwa ameamua kumwacha dereva wetu, ila hakuwa amemwambia. Akamwingiza dereva mpya kwa mlango wa nyuma ili apimwe kimyakimya, na mzee, kwa ugeni wake, akafanya alivyoagizwa. Povu likamiminwa. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia dereva mwenyewe, amefuata glovu alizozisahau. Akamkuta mtu asiyemjua amekaa ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani wake. Na kiti kikishamiminwa hakuna kuinuka. Mgeni hakuweza kutoka, mzee hakuweza kuacha mfuko, meneja alijifanya anatafuta kitu kabatini. Wote wanne wakabaki humo wakisubiri povu likauke. Mgeni akaanza kujitingisha kwa aibu, ndipo yule aliyefukuzwa akasema taratibu, "Tulia, ndugu yangu. Kitapinda bure, na kosa si lako." Kisha akachukua glovu zake akaondoka.

Mzee alikwenda kwa meneja siku hiyohiyo. Alisema kuanzia hapo hamimini kiti kipya mpaka dereva wa zamani awe ameambiwa ana kwa ana, na aje mwenyewe kubeba kiti chake kwenda nacho nyumbani. Vinginevyo watafute fundi mwingine. Mameneja wanne waliofuata wameichukia sheria hiyo kwa zamu, na wote wameifuata. Ndiyo maana viti vyetu vimetapakaa kila mahali. Kimoja kiko barazani kwa mtu, anakalia akisoma gazeti. Kimoja kuku wanatagia. Kimoja hurudishwa kwetu kila mwaka kupanuliwa, maana mwenyewe anaendelea kunenepa na hataki kuachana nacho.

Sasa tuje kwenye msimu uliokwisha majuzi, ambao kila mmoja wetu alikuwa akiomba uishe salama. Ulikuwa msimu wa kubadilisha madereva kama nguo. Tulianza na Bwana Harusi, tuliyemwita hivyo kwa kuwa alioa wiki moja kabla ya mashindano ya kwanza. Katikati ya msimu timu jirani ikamchukua. Alikuja na mkewe kubeba kiti, wakapiga picha, tukapiga vigelegele, hakuna aliyenuna. Akafuata Profesa, dereva mwenye maelezo marefu ya kwa nini amechelewa kumaliza. Tulimsikiliza kwa mashindano matatu. Baada ya hapo meneja akamwita ofisini, akamwambia ana kwa ana kama sheria inavyotaka, na Profesa akaondoka kwa hasira bila hata kugeuka. Kiti chake kikabaki ukutani.

Yalikuwa yamebaki mashindano ya mwisho. Aliyebaki kuendesha ni dereva wetu wa akiba, na dereva wa akiba ni kitindamimba wa Mzee Mgongo.

Binti huyu tumemjua tangu anaendesha vigari vidogo vya watoto. Alipata nafasi ya akiba kwa jasho lake, kwenye majaribio ambayo baba yake hakuhudhuria kwa kisingizio cha kwenda kung'olewa jino. Kwa misimu miwili alikuwa akijaribu magari kwenye viti vya wengine, huku amejazia mito midogo miwili niliyomshonea mimi, mmoja kiunoni na mwingine begani. Kiti chake mwenyewe hakuwa nacho. Kila mara povu lilikuwa halijafika, au limefika lakini halijatulia, au hewa ilikuwa na unyevu. Chumba cha mzee na changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao wenye nyufa, na ndoo za povu nilikuwa naziona zimepangana mpaka dirishani. Nilinyamaza, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwenye majaribio mito hiyo inaruhusiwa. Kwenye mashindano, timu yetu haimwachi dereva kuingia barabarani bila kiti chake. Mzee alilijua hilo kuliko sisi sote: bila kumimina, mtoto haendi.

Meneja alipokuja kumwagiza, mzee alinyoosha kidole kwenye kiti cha Profesa ukutani. Cha zamani hakijabebwa. Sheria ni sheria. Meneja akarudi kesho yake, akajibiwa hivyohivyo. Akampigia Profesa simu, Profesa hakupokea. Nilimwona meneja amekaa kwenye lile kochi bovu, anameza vidonge vya tumbo, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Aliyekata mzizi wa fitina ni binti mwenyewe. Alikwenda nyumbani kwa Profesa, akapiga hodi, akakaa akasikiliza maelezo yote, mwanzo mpaka mwisho, akiitikia inapobidi. Asubuhi wakaja pamoja. Profesa alikishusha kiti chake ukutani, akakifuta vumbi, akatueleza kwa kirefu faida za kuwa na moyo safi, akampa mkono mzee na kuondoka nacho begani. Tulimpigia makofi ya kweli.

Ukuta ukabaki mtupu, na mzee akasema labda hewa ina unyevu. Hapo ndipo nilipomsikia binti kupitia mbao zetu, wala hakupaza sauti: "Baba, watoto wa wenzako umewakalisha wote. Mimi mgongo wangu una nini?"

 Ule msemo wa mkuki kwa nguruwe sikuwahi kuuelewa vizuri kama siku ile. Kisha nikasikia mfuniko wa ndoo unafunguliwa.

Hakuruhusu mtu kuingia. Povu liliposhika na binti akatoka, mzee alibaki humo akikata na kusugua, na alipokuja kuniomba kitambaa cha kufunikia nilimwona macho yamemwiva. Alikijaza mbavuni na mabegani kuliko kiti chochote alichowahi kutengeneza. Binti alipokijaribu alilalamika kwamba amefungwa kama mzigo. Mzee alimjibu kwamba ni kweli, na mzigo huo ni wake, kwa hiyo anaufunga anavyotaka.

Siku ya mashindano mvua ilinyesha. Watu wa timu huwa wanakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya skrini, isipokuwa Mzee Mgongo. Katika misimu yote hii hakuna aliyewahi kumwona amekaa gari likiwa barabarani. Husimama kwenye nguzo ya mlangoni, mikono nyuma, na ukimsogezea kiti anakushukuru na kukisogeza pembeni. Siku hiyo alisimama palepale. Binti alianza nyuma kabisa, akapanda moja moja bila papara, na ilipobaki mizunguko miwili alikuwa wa nane, nafasi ambayo gari lile halikuifikia mwaka mzima. Makanika walikuwa wameshaanza kukumbatiana.

Gari la mbele yake liliteleza kwenye kona likasimama limekingama njiani. Binti alikata usukani kulikwepa, tairi zikakosa pa kushika kwenye maji, na gari letu likaenda ubavu mpaka kwenye ukuta. Tuliliona kwenye skrini, halafu skrini ikaonyesha magari mengine. Meneja aliita kwenye redio. Akaita tena. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameikumbatia ile nguzo, midomo inacheza bila sauti.

Redio ikakwaruza. Sauti ya binti ikaja, inahema, ila ni yake: "Niko sawa jamani. Gari limekwisha, samahanini. Mwambieni baba kiti ni kizima."

Sijui nani alianza kupiga kelele. Mimi nililia, sikuona haya, na meneja alinilia begani akaniharibia blauzi. Daktari wa uwanjani alimpima binti kila mahali, akamkuta na michubuko ya mikanda na njaa. Akarudi kwetu kwa miguu yake, kofia mkononi, analalamika kwamba nafasi ya nane ilikuwa mkononi. Nasi tulipogeuka kumtafuta mzee tulimkuta chini ya nguzo yake, kwenye sakafu yenye maji, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa amekaa.

Hivyo ndivyo msimu wetu ulivyokwisha: gari moja bovu, pointi chache, na shukrani nyingi kuliko mwaka tuliochukua kombe. Msimu ujao binti ndiye dereva wetu wa kwanza, mkataba umeshatiwa saini. Atakayemmiminia viti ni yule dada wa kitengo cha gundi, aliyefanya kazi na mzee kwa miaka tisa na kurithi hata namna yake ya kukunja uso. Mashaka hatuna, na mzee naye anasema hana. Alipoulizwa wiki iliyopita kama anaogopa kumwachia mwanawe mikononi mwa mtu mwingine, alisema amelala usingizi mzuri tangu siku ile ya mvua, na anakusudia kuendelea.

Liko jambo moja tu limebaki. Dada wa gundi amegoma kuanza kazi. Anasema sheria ni sheria: hamimini chochote mpaka mtu wa zamani awe amebeba kiti chake. Tukatafuta kiti cha mzee, tukakuta hakipo. Kinyozi hajinyoi. Amekalisha kila mtu aliyepita hapa, na yeye mwenyewe hana hata kigoda.

Kwa hiyo wageni waalikwa wasishangae watakapoona bodi tupu ya gari katikati ya ukumbi na mfuko umetandazwa ndani yake. Mara tu baada ya hotuba, Mzee Mgongo ataombwa aingie, ashike usukani na atulie. Atakayemimina ni kitindamimba wake. Tunawaomba makanika wote wajizuie kutoa vichekesho, na wanaopanga kulia walie kwa ndani, kwa sababu mzee akianza kutingishika kitapinda, naye atatulaumu maisha yake yote. Kikishakauka atakibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Tutamsindikiza, lakini hatutamsaidia kubeba.

Asante, mzee wetu, kwa kila mgongo uliourudisha nyumbani. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu anayeondoka huagwa kwanza, ndipo anayekuja apokewe. Asante pia kwa kugonga ukuta wangu kila asubuhi kuuliza kama nimeamka salama. Sijui sasa nani atanigongea. Tunakuombea siku ndefu zenye utulivu, usingizi wa kutosha, na kiuno kisichokusumbua.

Na mashindano yajayo usiende kusimama kwenye nguzo. Kaa, mzee wetu. Mtoto amesharudi.