Blanketi la Namba za Majani

Mzee Chepyegon, msomi wa ngumbaru, darasa la watu wazima, aliketi katika basi la Bomet nyuma ya kina mama wawili, masikio wazi. Mmoja, Yunia, alikuwa amefunua blanketi la viraka ambalo wageni wa arusi ya bintiye Janefer walilitia sahihi badala ya kitabu.

“Wameandika namba zao za kupeleka majani chai kiwandani, si majina!” alilalamika. “Janefer analia. Atajuaje nani alikuja?”

“Lakini mama, kwetu Kimulot wanaoitwa Cheptoo wako kumi. Namba ni ya mtu mmoja tu,” mwenzake akajibu.

“Haya, huyu 0477 ni nani?”

“Simjui. Lakini ona vile amekata saba zake kwa kistari katikati! Huyo amesoma.”

Basi likasimama. Mzee, mwenye namba hiyo, akashuka kifua mbele, bila kutaja jina.