Chansela Alikula na Nani

Kijiwe chetu hapa Nachingwea kipo nyuma ya ghala la korosho: benchi moja na jiko la kahawa la dada Amna. Sheria ni moja tu. Ukitosheka, funika kikombe. Usipofunika, Amna anamimina. Mwalimu Saturnini, tuliyembatiza Chansela kwa jinsi anavyotusimulia habari za Bismarck kila jioni, hajawahi kufunika kabla birika halijakauka.

— Miaka kumi na tisa alikuwa chansela wa Ujerumani, alisema Mwalimu. Nchi ameiunganisha yeye. Halafu mfalme kijana akamwambia, kapumzike.

— Alimchoka, akasema Habibu, mpima korosho, ndiyo maana tunamwita Mizani. Mzee kila siku vita vilevile. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wapi, akasema Kassian Redio, ambaye habari zote huzisikia yeye kwanza. Dogo alilogwa. Mwenye akili zake hamfukuzi aliyemjengea nyumba.

— Basi mie nawaambia hakufukuzwa, akasema Mizani. Alitoroka, akaja kufukia mali huku kwetu, Nambilanje. Wale Waingereza wa mradi wa karanga, enzi za ukoloni, mnadhani walikuwa wanalima? Walikuwa wanafukua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tulicheka mpaka Amna akatikisa kichwa.

— Huku hakufika hata siku moja, akasema Mwalimu. Alirudi kwake, msituni. Mkewe akatangulia. Yeye akafuata, miaka minane tangu aachishwe kazi.

Fahadi, bodaboda aliyeleta abiria kutoka Ruangwa, alikuwa ameketi mwisho wa benchi na kikombe chake.

— Shikamoo, Mwalimu. Samahani, mie mgeni. Mkewe alipokufa, jioni alikuwa anakula na nani?

Bi Josephina, mke wa Mwalimu, tulimzika kijijini Malolo mwezi wa tatu. Tangu hapo tunakunywa na Mwalimu kila siku, na swali hilo hatujamuuliza. Niliona aibu.

— Kitabu hakisemi, akajibu Mwalimu.

Birika likaisha. Tukafunika vikombe, mmoja mmoja, kila mtu akashika njia ya kwake. Mwalimu alibaki ameshika chake, wazi.

Nilipofika barabarani niligeuka. Fahadi alikuwa amekifunua kikombe chake kitupu, ameketi tena karibu na Mwalimu, na Ruangwa ni mbali. Nikasimama kidogo. Kisha nikaenda, maana kwangu ugali ulikuwa tayari.