Bi Najat na Majumba ya Mjerumani

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Najat Marijani anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika kampuni yetu ya kusafirisha mizigo hapa Guangzhou. Anarudi kwao Tanga akiwa na furaha tele. Alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba matembezi yake ya Jumapili yangekufa mara tu akipanda ndege.

Kwa wasioyajua, kazi ya Bi Najat ilikuwa kupokea wateja wapya, na sharti lake kwa mgeni lilikuwa moja: siku ya kwanza hakuna kununua. Mtu ametoka Dar au Nairobi, kichwa bado kiko angani, ukimwachia aingie soko la nguo la Shisanhang atafungasha hata asichokitaka. Basi Jumapili, siku wageni wanapofika, Bi Najat alimvusha daraja dogo hadi kisiwa cha Shamian, kwenye majumba ya kale ya Wazungu na miti mikubwa, akatembea naye taratibu mpaka apoe.

Tatizo lilikuwa maelezo. Kwao Tanga, jengo lolote kongwe lenye ukuta mnene ni la Mjerumani, na Bi Najat alikuja na sheria hiyo mpaka China. Kila jumba la Shamian alimkabidhi Mjerumani. Mimi Mwenda, mtu wa Meru nisiyejua kunyamaza, nilimweleza mara nyingi kwamba mengi ni ya Mwingereza na Mfaransa, hata vibao vinasema hivyo. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu Mwenda, Mwingereza gani huyo wa kujenga ukuta mnene hivi?"

Mwaka juzi kampuni ilitutuma sisi wawili Frankfurt kwenye maonesho ya biashara, na siku ya mwisho tukapelekwa kuutembea mji mkongwe. Sijapata kumwona mtu mwenye raha vile. Alikuwa amefika kwa Mjerumani mwenyewe. Alipapasa kuta kama anayechagua kitambaa, na kwa kila jengo zuri alinipiga kikumbo ili nami nikiri. Kisha mwongozaji, mama mmoja mpole, akatueleza kwamba mabomu ya vita yaliulaza mtaa ule chini, na nyumba nyingi tulizokuwa tukizisifu zimejengwa upya miaka ya karibuni. Bi Najat aliondoa mkono ukutani, tukatembea mpaka mtoni. Nikadhani sasa atakubali yaishe.

"Masikini Mjerumani," akasema. "Za kwetu Tanga zimesimama, zake mwenyewe zimelala." Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Tangu hapo wageni wa Shamian walisimuliwa pia habari za mji ulioanguka ukainuliwa. Wengi wao wamekuja huku baada ya biashara kuwafia nyumbani, na niliwaona wakimsikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza bei za jumla.

Mwezi uliopita magoti yalimshinda. Bosi wetu, ambaye sote twamwita laoban kama Wachina wenyewe, akasema matembezi yaishie hapo, wageni watatazama video kwenye simu. Bi Najat, ambaye hajawahi kuomba hata kiti kipya, safari hii aliomba yaendelee. "Mei you," laoban akajibu, hakuna. Hakuna mtu wa kuyaongoza. Nikajikuta nimenyoosha mkono.

Jumapili iliyopita niliongoza kwa mara ya kwanza, Bi Najat akinisimamia kutoka kwenye benchi. Mbele ya jumba moja la njano, Felisia, muuza viatu kutoka Mbeya, akauliza nani alilijenga. Kibao kilikuwa mbele yangu, kinasema Mwingereza. Nikatazama kule kwenye benchi.

"Mjerumani," nikasema.

Bi Najat akaanza kutafuta leso kwenye mkoba.

Ahsante kwa kutupokea sote, Bi Najat. Nenda salama Tanga. Tunakutakia afya njema, magoti yasiyolalamika, na uzee wa raha nyuma ya ukuta mnene. Jumapili matembezi yapo.