Njia ya Miezi Kumi na Minne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha sare. Bwana Msimamizi wa zamu. Baba na mama wa mwenzetu tunayemuaga, mliokaa hapo mbele kwenye viti vilivyotolewa ofisini. Ndugu wageni waalikwa. Mafundi wa cherehani, wapiga pasi, na nyinyi wa vifungo mnaoongea tangu nisimame: nawasalimu nyote kwa heshima. Na wewe shemeji, uliye ng'ambo lakini umo humu ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye koni ya uzi mweupe, nakusalimu pia. Nimekuweka mwisho, na sikukosea utaratibu.

Nimeombwa niseme machache kwa sababu inasemekana mimi ndiye niliyemchagulia mwenzetu njia ya viza, na kwamba ushauri wangu ndio uliotufikisha leo kwenye kumuaga. Bwana Msimamizi amenitambulisha kama "dada mwenye busara", nanyi mkapiga makofi. Naomba makofi hayo myarudishe mfukoni kwanza, mtayatoa nikimaliza, kama bado mtataka.

Mimi ni mkataji. Miaka kumi na mmoja meza yangu ya kukatia imetazamana na cherehani yake. Mimi nakata, yeye anashona kola, ndiyo maana humu ndani hana jina jingine ila Kola. Mgeni yeyote akiingia kiwandani hunipita bila kusimama, huyo moja kwa moja kuinama juu ya cherehani yake: "Aa, kola hii imekaa!" Imekaa, ndiyo. Lakini kuna kola inayokaa juu ya kitambaa kilichokatwa kombo? Hilo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza, nami nimelimeza miaka yote hiyo pamoja na chai tuliyokunywa sisi wawili kwenye chupa moja, kikombe kimoja, kwa zamu. Kwa hiyo msidhani wivu wangu ulianza na mwanamume. Mwanamume aliukuta umeshavua viatu na kukaa.

Shemeji alikuja kutufungia zile mashine za vifungo. Alikaa wiki sita. Siku ya kwanza aliuliza choo kiko wapi kwa ishara za mikono, tukavunjika mbavu. Wiki ya sita alikuwa anasema, "Kola, chai tayari," kwa Kiswahili kilichonyooka, tena ameshika chupa yetu, na kikombe ni kile kile. Ndugu wageni, mmewahi kumwona mtu anakunywa kwenye kikombe chenu huku anawatabasamia? Siku hiyo nilikata mikono thelathini ya mashati, yote ya kushoto.

Akaondoka, nikashusha pumzi. Kumbe nimeshangilia mapema! Kila saa ya chakula Kola alikuwa anaicheka simu, na baada ya mwaka simu hiyo ikamposa.

Ndipo likaja suala la njia, na kila mtu akawa mtaalamu. Bwana Msimamizi alisema, "Aende kama mtalii, wafunge ndoa huko huko, mengine yatajipa." Bwana Msimamizi, nakuheshimu sana, lakini ulitaka mtoto wa watu amwambie ofisa wa uwanja wa ndege kwamba amekuja kutazama milima, na shela imo sandukuni? Angerudishwa na ndege ile ile, na mlango ungefungwa nyuma yake. Mama mzazi naye alitaka viza ya mchumba. Miezi sita tu, unaingia, mnaoana ndani ya siku tisini. Mama, ulikuwa na haraka ya mjukuu, nani atakulaumu? Njia ya tatu ilikuwa waoane hapa kwanza, ndipo aombewe kama mke. Kijitabu cha ubalozi kilisema miezi kumi na minne.

Kola akaniletea kijitabu hicho mezani. "Dada, wewe una jicho la tepu ya kupimia. Nisomee vizuri, niambie nishike ipi." Nikasoma ukurasa kwa ukurasa, chaki mkononi. Nikainua kichwa. "Ya tatu," nikamwambia.

"Mbona ndiyo ndefu?"

"Ndiyo yenye heshima. Wazazi wako waione ndoa kwa macho yao. Au unataka ukaolewe mbele ya watu usiowajua hata mmoja?"

Akalia, akanikumbatia. Na mimi nikajiachia nikumbatiwe, bila aibu.

Heshima! Ndugu zangu, sikuwa na habari na heshima. Nilikuwa nimetoa sita kwenye kumi na minne, nikapata minane. Miezi minane zaidi ya kikombe kimoja, hiyo ndiyo busara mliyoipigia makofi. Nilimcheleweshea mtu mume wake kwa roho yangu mbaya, na kila aliponishukuru nilisema, "Usijali." Halafu maombi yenyewe yakachukua miezi kumi na sita. Ile miwili ya nyongeza sikuiomba, ila niliipokea.

Bwana harusi alikuja, ndoa ikafungwa, akarudi kazini kwake. Mwaka uliofuata akaja tena kumwona mkewe, siku kumi na mbili, na hapo ndipo akatusimulia habari za rafiki yake aliyempeleka mwenziwe kwa ile njia ya mchumba. Yule bibi alifika salama, akaolewa salama, kisha akakaa ndani miezi akingoja kibali cha kugusa kazi yoyote, mshonaji kama sisi, anatazama dirisha. Kola ataingia kama mke, na akitaka kushika cherehani wiki hiyo hiyo, ruksa. Basi sifa zikaniangukia kama mvua. Wazazi wake walinipigia simu kunibariki. Mmewahi kubarikiwa kwa ubaya wenu? Inawasha.

Lakini hilo ni la kwanza tu. La pili ni barua.

Ubalozi ulitaka shahidi, mtu anayewafahamu wote wawili, aandike kama ndoa hii ni ya kweli au ni ya kutafutia makaratasi. Kola akanichagua mimi. Saa ya chakula nikakaa mezani kwangu, nikaandika: "Nawafahamu hawa wawili. Wanaonekana kupendana." Mistari miwili, baridi, na hakuna ambaye angeweza kusema nimedanganya. Niliiona hatima yake nzima imelala chini ya mkono wangu, na niseme ukweli, niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kisha nikaichana. Si kwa wema, msinipake mafuta. Niliichana kwa sababu ilikuwa kazi mbovu, na mimi sijawahi kutoa kazi mbovu kwenye meza ile. Nikaanza upya. Na ndugu wageni, yalitoka! Kwa maana nilikuwa nimewachunguza wale watu kwa macho yote nikitafuta kasoro, na kasoro sikuipata, nikabaki na mengine yote. Niliandika kwamba bwana akimmenyea Kola chungwa hulitoa mbegu zote na kuzificha kiganjani, ili mwenzake asijue kwamba zilikuwepo. Niliandika kwamba Kola akichoka mgongo hasemi, hugeuza shingo kushoto, na bwana huyu alilijua hilo ndani ya wiki tatu. Mimi lilinichukua miaka miwili. Niliandika kwamba amejifunza kukaa kimya Kola anapohesabu mishono. Niliandika na habari ya kikombe. Kurasa nne, na kila ukurasa uliniuma.

Siku ya mahojiano, ofisa, mama mmoja wa miwani, aliisoma barua yangu yote mbele ya Kola. Halafu akauliza, "Hii ameandika nani?"

"Mkataji wetu, dada yangu wa kazini."

"Anawaonea wivu huyu."

"Sana," Kola akajibu. Sana! Hakunitetea hata kidogo.

Ofisa akachukua muhuri. "Basi imetosha," akasema. "Ndoa ya bandia haina mtu wa kuionea wivu."

Sasa unacheka nini, Kola? Nimekiri mbele ya wazazi wako, nangoja unizomee, wewe unacheka. Unasemaje? Sema kwa sauti, wa vifungo wasikie. Ati ulijua? ... Anasema alijua tangu siku ile ile. Anasema nilimrudishia kijitabu nimepigia mstari wa chaki chini ya miezi kumi na minne, na pembeni nimetoa hesabu. Anasema hata yeye alikuwa anaitaka miezi hiyo.

Subirini kidogo. Vumbi la kitambaa hili.

Haya. Mheshimiwa Mkurugenzi, kuanzia Jumatatu mtaweka mtu mwingine kwenye cherehani ile. Nitamkatia vizuri, ndiyo kazi yangu. Kikombe asikiguse.

Na wewe shemeji, nimalizie kwako. Kijitabu kile nilikisoma mpaka ukurasa wa nyuma, ambao nyinyi hamkuusoma. Unasema, kama ndoa haijatimiza miaka miwili siku ya kuingia, kibali ni cha muda. Baada ya miaka miwili mtaulizwa tena kama ndoa bado ni ya kweli, na mtatakiwa kuleta ushahidi. Ndoa yenu haijatimiza, nimehesabu. Shahidi ni yule yule. Nami siwezi kuandika nisichokiona. Kwa hiyo mtaniombea viza ya matembezi, ile ya kwenda na kurudi, mnitandikie karibu na jikoni, nikae wiki sita nitazame chungwa linavyomenywa. Nikikuta mbegu hata moja, nitaiandika.

Umenielewa, shemeji? Ametikisa kichwa, amekubali! Nyote mmeona, nanyi sasa ni mashahidi wangu.

Namshukuru Mheshimiwa Mkurugenzi kwa ukumbi, wazazi kwa binti, na nyote kwa kuuvumilia wivu wangu hadi mwisho. Nimemaliza, asanteni kwa kunisikiliza. Kola, kuna chai imebaki kwenye chupa. Njoo, ni zamu yako.