Mzee Felisiani na Swali Lake la Nyuma

Ndugu waombolezaji, tunayemlaza leo ni mzee Felisiani Maregesi, aliyezaliwa Murangi tarehe 9 Machi 1955. Alimaliza darasa la saba Suguti mwaka 1971. Hesabu hazikumpenda, ila kwa manati hakuwa na mpinzani.

Aliingia jeshini 1975, akapewa roketi ya begani ya kupigia vifaru. Silaha ile ikipigwa, moto unatoka na nyuma pia. Ndiyo maana mpigaji anauliza kwanza, "Nyuma wazi?" na msaidizi wake anajibu, "Wazi!" Mwaka 1979, vitani, kifaru kilimgeuzia mdomo. Felisiani akauliza, lakini hakungoja jibu. Kifaru kiliungua. Msaidizi wake Masatu, kijana wa Suguti, alikuwa nyuma. Naye hakupona.

Tangu hapo marehemu alikuwaga haketi wala hapiti mlango bila kugeuka na kuuliza. Halafu anasikiliza. Alikuwa anamngoja Masatu.

Alifunga ndoa na Yuliana hapa Bunda mwaka 1984. Mbele ya altare akageuka. Padri akamuuliza, "Bwana harusi, unatafuta mwingine?" Kanisa likacheka. Yeye hakucheka.

Alipostaafu alijenga nyumba Nyasura, hapa hapa Bunda, akazungusha waya hatua kadhaa kutoka ukutani, ili roketi ilipukie kwenye waya, nyumba ipone. Jirani yake Hamduni alimtania: "Mzee, Bunda hii nani ana roketi? Kuku?"

"Waya ni wa kinachokuja mbele," akasema. "Cha nyuma hakina waya."

Alianza kuugua figo mwaka 2023, na alifariki Musoma tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ile aliuliza tena, "Nyuma wazi?"

Mkewe akamhurumia. "Wazi, baba Ephraim."

"Si wewe, mama. Wewe uko mbele yangu."

Akafa anasikiliza.

Ameacha mjane, watoto wawili, Ephraim na Matrida, wajukuu sita, na mbuzi ambao nao siku hizi wanaangalia nyuma.

Juzi tukimtoa mochwari, kabla ya kuingiza jeneza kwenye gari, Ephraim aliuliza kwa niaba ya baba yake. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta tu. Ikaitika sauti ya kijana: "Wazi!" Tumeulizana ukoo mzima, hakuna anayesema ndiye aliyeitika.

Kama ni mmoja wenu, ajitokeze, familia imshukuru. Kama hayupo, basi mzee wetu ameshajibiwa. Lala, Felisiani. Usigeuke tena.