Lorraine Andati, Aliyeuanza Mkakati Langoni

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Ziwani na Jericho, na nyote mliofika kutufariji, mimi ni Ezra, mdogo wake marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu Lorraine.

Lorraine alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika Hospitali ya Pumwani, akiwa kifungua mimba wa Mzee Josiah Andati na Mama Rispa, akalelewa Ziwani, ambako alisoma shule ya msingi hadi mwaka wa 1990, kisha akaenda shule ya upili ya wasichana huko Vihiga, akamaliza mwaka wa 1994, na baadaye akasomea kompyuta hapa Nairobi, wakati ambapo wengi wetu mtaani tulikuwa tukiiona kompyuta kupitia dirisha la benki.

Mwaka wa 1999 aliajiriwa na kiwanda cha mkate cha Ngano Njema, Industrial Area, akapanda ngazi huku akisomea shahada jioni, na Januari 2017 akawa mkuu wa idara ya teknolojia. Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Bwana Jonathan Mulwa katika kanisa letu la Jericho, wakajaliwa Caleb na Mwende.

Mwaka huo wa 2017 wakurugenzi walimwagiza aandike mkakati wa kidijitali wa kampuni nzima, nao walitarajia kuambiwa ni mashine gani zinunuliwe. Yeye kwanza alikwenda kusimama langoni alfajiri, miongoni mwa vibarua waliongoja nyapara awachague kwa kidole, na huko mama mmoja, Fartun, akamwambia, "Dada, mimi nataka tu kujua jioni kama kesho nina kazi." Dada yetu akauanza mkakati hapo: vibarua wote wasajiliwe, zamu zigawanywe kwa haki, kila mtu apate ujumbe kwenye simu yake jioni, kisha mambo ya stoo, magari na mishahara yafuate.

Mwenyekiti wa wakurugenzi hao, Bwana Gitonga, ambaye yuko nasi hapa na amenipa ruhusa nilitaje hili, alimwambia mkutanoni, "Bi. Lorraine, sisi tunauza mkate, hatuuzi huruma."

Dada akamjibu, "Na mkate huo unaokwa na nani, mzee?"

Aliambiwa aifute sura hiyo ya vibarua katika mkakati wake au aache kazi, naye, akiwa na watoto wawili shuleni, akakataa kuifuta, akaomba tu aijaribu kwa zamu moja. Wakamkubalia. Wiki ya kwanza haijaisha, mtambo wa kompyuta ukakwama, ujumbe wa zamu haukwenda, na asubuhi lango likafurika watu wenye hasira, manyapara wakicheka pembeni. Lorraine alizungumza na meneja wa kiwanda, akatoka, akapanda juu ya kreti ya mkate, akasema, "Kosa ni letu, si lenu. Leo kila aliyefika anaingia." Tangu asubuhi hiyo walimwamini. Kufikia mwisho wa mwaka, kwa kuwa kila zamu ilianza na watu kamili, magari ya mkate yalikuwa yakitoka kwa wakati, na ni Bwana Gitonga mwenyewe aliyependekeza mkakati wote upitishwe. Viwanda vingine vimekuja kujifunza kwake, na sisi wa nyumbani, kusema kweli, tulitembea vifua mbele.

Kampuni kubwa za kule Westlands zilimwita kazini mara nyingi. Nilipomuuliza mbona haendi, alicheka, "Ezra, wacha wee! Huku watu wananijua."

Mnamo Agosti 2023 aligunduliwa ana ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu hospitalini, lakini hakuacha kumfundisha Anab, ambaye sasa ndiye mkuu wa idara, hadi mwili ulipomshinda, akafariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani ambao hawakuacha jiko letu lipoe, wakurugenzi na wenzake wa idarani, na zaidi ya wote nyinyi wa zamu ya usiku, mliokuja hapa moja kwa moja kutoka kazini, hamjalala, unga ungali kwenye viatu vyenu.

Lorraine, binti Andati, mama Caleb, kazi umeifanya na tumeiona. Pumzika kwa amani, dada.